KIKARAGOSI CHA NGUO NA MSHONO WAKE
(Maneno tuliyosema mbele ya wanaushirika, Msasani)



Huku Uzaramoni mwana hiti tunamjua, yule wa mti anayepewa mwali akiwa ndani. Yule ana heshima yake, hachezewi ovyo. Kikaragosi tunachokisema leo ni kingine: ni cha nguo, wazi kwa chini, mkono unaingia tumboni na kukifanya kiseme. Wenzetu wa Kenya, miaka ya 1990, walivitumia kufundishia habari za UKIMWI, maana kikaragosi hutamka lile ambalo mtu mzima analionea haya. Sisi tunawashonea watoto wa chekechea, na mtoto ana mambo mawili: atavuta, na atatia mdomoni.

Kitambaa kwanza. Vipande vya khanga na vitenge vinavyobaki kwa mafundi vinafaa, ila vifuliwe, vingine vinachuja rangi. Laza mkono juu ya karatasi, tanua kidole gumba na cha mwisho, chora kuuzunguka ukiacha upana wa vidole viwili kila upande. Usibane! Kinachobana hupasuka siku ya kwanza. Kata vipande viwili sawasawa, viweke uso kwa uso, piga bandi.

Lakini bandi peke yake si mshono, ndugu. Chukua uzi mara mbili, upitishe kwenye kipande cha mshumaa usijisokote. Chomoa sindano hatua moja mbele, kisha rudi nyuma uingie palepale hatua iliyotangulia ilipoishia. Ndo hivyo hivyo mpaka mwisho. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote haufumuki. Wazee wa pwani walioshona matanga ya ngalawa kwa mkono wanajua mtu anavyoweka roho yake juu ya mshono. Shingoni na kwapani pita mara mbili, huko ndiko watoto wanakovuta. Halafu kabla ya kugeuza, tia mkasi vijipengo kwapani, ukaribie uzi bila kuugusa. Usipofanya hivyo nguo hujikunja, kikaragosi kikaonekana kina jipu.

Sufi ya kichwani ishonewe ndani ya kifuko, isimwagike, na pabaki njia ya kidole.

Macho sasa. Wako wanaosema kifungo kinapendeza, na kweli kinapendeza. Ila kikichomoka kitamkaba mtoto koo. Macho yadariziwe kwa uzi mweusi. Hapo hatubishani, hata mnunuzi akiongeza bei.

Na asiye na cherehani asijione yuko nyuma. Vitu vidogo vyenye kona kama hivi, mkono unageuka vizuri pale cherehani inaposumbua. Malipo ni kwa kila kikaragosi kilichopokelewa, cha mkono na cha cherehani sawasawa.

Jumamosi kila mmoja alete kimoja. Tutakivuta shingo na mikono mbele ya wote. Kikifumuka, kinarudi kwa mwenyewe akakishone tena. Kikistahimili, kinaingia kwenye kapu la kuuzwa.