Tope la Rufiji lina kalenda yake

Ndugu msikilizaji, wiki hii nazungumza nawe kutoka Mwankoko, Singida, karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Kijana mmoja hapa ameniuliza swali zuri: wataalamu wanajuaje bahari ilikuwa wapi miaka elfu tano iliyopita, na hakukuwa na mtu wa kuandika?

Jibu limo topeni. Kule delta ya Rufiji huzamishwa bomba ardhini, likavutwa na udongo mrefu kama mche wa sabuni: wa juu mpya, wa chini wa kale. Ndani yake mna chavua, yaani unga wa maua, ya mikoko. (Usiniulize kama Mwankoko na mkoko ni ndugu.) Mlilana husimama mbele, baharini, mchu huweza kuota hata nyuma kabisa. Chavua ya mikoko ikikutwa juu ya tabaka la mimea ya nchi kavu, ni dalili kwamba bahari ilipanda hadi pale. Paramita Punwong na wenzake walichapisha uchunguzi wa namna hiyo kutoka Rufiji mwaka 2013.

Umri hupatikana kwa kaboni, mbinu iliyompa Willard Libby wa Chicago tuzo ya Nobel mwaka 1960. Mmea ukifa, kaboni yake yenye mionzi hupungua nusu kila miaka 5,730. Ndipo tukajua kuwa miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120. Unguja ilikuwa imeungana na bara. Pemba, kwa kina cha mkondo wake, ilibaki kisiwa.

Lakini delta ina hila. Mto hubeba gogo lililokufa zamani huko juu, ukalizika kwenye tope jipya, ukilipima, unadanganyika. Mtaalamu makini hutafuta jani au mbegu iliyoangukia pale pale. Na huko juu ni pamoja na mkoa wetu: Kisigo, upitao Manyoni, huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha huingia Rufiji.

Tope hilo hushindiliwa na kuzama. Mto ndio huleta jingine. Tangu Desemba 2022, bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, sehemu ya tope inatuama nyuma ya ukuta, wakati bahari inapanda. Sizikatai megawati 2,115. Lakini mkulima wa mpunga kule delta anayajua maji ya chumvi shambani. Tope linalomfikia lipimwe kila mwaka, na asomewe matokeo kijijini kwake, kwa Kiswahili.