Karafuu Ingali Mtini

Mazungumzo ya leo nayatoa kutoka hapa Mgogoni, Pemba. Leo sitasema juu ya mbegu, wala palizi, wala namna ya kuanika karafuu kwenye majamvi. Hayo mnayajua, na wengine wenu mnaweza kunisomesha mimi. Leo tuzungumze juu ya fedha, na khasa fedha za ile miezi ambayo mkulima hana kitu mkononi.

Hebu tufanye hesabu moja nyepesi. Tuseme Bwana Fulani ana mikarafuu kumi. Masika imeingia, akiba imekwisha, watoto wanataka sare za skuli, na paa linavuja. Anakuja mtu na shilingi 120,000 taslimu. Anamwambia, "Chukua hizi. Msimu ukifika, miti yako kumi nichume mimi." Bwana Fulani anakubali. Atafanya nini na mvua inamnyeshea?

Msimu unafika. Kila mti unatoa kilo tatu za karafuu kavu. Jumla kilo 30. Kwa hesabu nyepesi tuseme kila kilo inauzwa shilingi 10,000. Hizo ni shilingi 300,000. Toa 60,000 za wachumaji, zinabaki 240,000. Yule bwana alitoa 120,000, miezi mitatu baadaye amepata mara mbili yake. Na Bwana Fulani aliyepalilia mwaka mzima anakaa kibarazani akitazama karafuu zake zinapita kwenye magunia ya mwengine. Nusu ya jasho lake imekwenda, na mti haukuugua wala mvua haikukosa. Kilichokosekana ni fedha kidogo katika mwezi wa shida.

Jambo hili si geni Unguja na Pemba. Wazee wetu walilijua. Zamani kulikuwa na mashamba yaliyotolewa kwa bei khiyari, yaani mtu anauza shamba kwa sharti kwamba akipata fedha atalikomboa. Wengi hawakuwahi kukomboa. Madeni yalikuwa mengi hata serikali ya kikoloni ikafanya uchunguzi mwaka 1933, na mwaka 1934 ikapitisha sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiende mikononi mwa wengine kwa sababu ya deni. Sheria ile ilihusu ardhi. Shida ya fedha za kabla ya msimu ilibaki, na mpaka leo wapo wanaouza karafuu zingali mtini.

Sasa mtaniuliza, jambo hili wataalamu wa uchumi wanalijua? Au wao wanajua mabenki ya mjini tu? Nitawaelezeni khabari za mtaalamu mmoja Mtanzania, kwa sababu kazi ya maisha yake inatugusa sisi wenye mikarafuu na wenye mabonde ya mpunga.

Mtu huyo ni marehemu Profesa Benno Ndulu. Alizaliwa mwaka 1950. Alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, akapata shahada ya udaktari wa uchumi, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye aliongoza jumuiya ya utafiti wa uchumi wa Afrika yenye makao yake Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1988. Kazi ya jumuiya ile ilikuwa kuwawezesha Waafrika wenyewe wachunguze uchumi wa nchi zao, badala ya kungoja kuelezwa na wageni. Alifanya kazi Benki ya Dunia pia. Kuanzia Januari 2008 hadi Januari 2018 alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania. Alifariki dunia Februari 2021.

Ndulu na wenzake walifanya utafiti mkubwa wa nchi za Afrika, kuanzia mwaka 1960 hadi 2000. Walitaka kujua kwa nini nchi nyingi zilikwenda polepole. Walikuta makosa ya namna kadhaa yanayojirudia. Mimi nitachukua mawili tu.

La kwanza ni pale serikali inaposhika biashara yote na kumpa mkulima bei ndogo mno. Mkulima akiona jasho lake halilipwi, hulitupa shamba, au hutafuta njia za panya. Hapa Pemba hatuhitaji kusomewa kitabu. Bei ya karafuu ilipokuwa duni, mikarafuu iliachwa ikafunikwa na magugu, na magunia yalivuka bahari usiku kwa magendo. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha bei sana, ikaweka shabaha kwamba mkulima apate kiasi cha asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Watu wakarudi mashambani. Somo lake ni kwamba mkulima si mvivu, ila anajua hesabu.

Kosa la pili ni nchi kupata neema ya ghafla, bei ya zao lake ikapanda, nayo ikatumia kana kwamba neema ile itadumu milele. Ikajenga, ikakopa juu yake, ikaajiri. Bei iliposhuka, nchi ikabaki na madeni.

Ndugu wakulima, niliposoma jambo hili nilicheka peke yangu, kwa sababu niliiona nyumba ya mkulima wa karafuu. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi yanavunjika kwa uzito, mwaka wa pili unatafuta kikonyo kwa tochi. Lakini katika mwaka wa neema tunanunua redio kubwa, tunafanya harusi ya siku saba, tunakopa dukani kwa ahadi ya msimu ujao. Msimu ujao haupo. Hapo ndipo anapokuja yule bwana wa 120,000.

Basi dawa ni nini? Sehemu moja ya dawa iko kwa wakubwa. Ndulu alipokuwa Gavana, fedha za simu zilianza nchini, mwaka 2008. Benki Kuu ingeweza kuzikataza, kwa sababu sheria yake ilikuwa bado haijatungwa. Iliziruhusu zianze chini ya uangalizi, kwa sharti kwamba fedha za wateja ziwekwe benki katika hesabu ya amana, mbali na fedha za kampuni ya simu yenyewe. Sheria ikafuata mwaka 2015. Kati ya 2014 na 2016 makampuni ya simu yalikubaliana mteja wa kampuni moja aweze kumpelekea fedha mteja wa kampuni nyengine.

Matokeo yake yalionekana. Mwaka 2009 katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, kiasi cha 16 tu ndio waliotumia benki au huduma nyengine rasmi za fedha. Mwaka 2017 walifika 65. Mama wa Mgogoni anaweza kupokea fedha za mwanawe aliyeko Dar es Salaam bila ya kupanda gari kwenda mjini. Kwa wasiotaka riba, mlango nao ulifunguliwa: mwaka 2011 Benki ya Watu wa Zanzibar ilianzisha huduma za Kiislamu.

Lakini tusidanganyane. Mwaka huo huo wa 2017, watu 28 katika kila 100 walikuwa bado wako nje kabisa, na wengi wao ni watu wa mashamba. Tena simu ni njia ya kupitishia fedha na pahala pa kuziweka. Haiwezi kukupa fedha usizokuwa nazo. Na ile mikopo ya haraka ya simuni, uliza kwanza utarudisha kiasi gani na lini. Mingine ni yule yule bwana wa 120,000, ila sasa hana uso.

Kwa hiyo sehemu ya pili ya dawa iko kwetu. Vipo vikundi vya kuweka na kukopa. Namna hii ilianza kwa wanawake wa Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991. Ilifika Jozani, Unguja, kisha na huku Pemba. Wanachama hukutana kila wiki, kila mmoja hununua hisa kwa kadiri ya uwezo wake, na fedha huwekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Mwenye shida hukopa humo. Wenye kuchelea riba wakubaliane tangu mwanzo mkopo urudishwe bila ya ziada.

Nina mashauri matatu kwa kikundi chochote hapa Mgogoni. Kwanza, wekeni akiba nyingi wakati wa msimu, fedha zikiwa bado zina moto mkononi. Pili, msigawane fedha za sanduku wakati wa mavuno, kwa sababu wakati huo kila mtu anacho. Gawaneni katika mwezi wa dhiki, kabla ya mtu kushikwa na haja ya kuuza miti. Tatu, mwenye karafuu zingali mtini apewe nafasi ya kwanza ya kukopa, kabla ya mwenye harusi.

Mrudieni sasa Bwana Fulani. Angeipata ile 120,000 katika sanduku la kikundi chake, na akairudisha baada ya mauzo, ile 120,000 nyengine ingebaki nyumbani kwake. Bei ni ile ile, miti ni ile ile kumi, mvua ni ile ile.

Profesa Ndulu aliandika vitabu vinene kuhusu nchi nzima nzima. Sisi tuna daftari la shilingi mia tano na kalamu. Leo jioni, kaa na mkeo, au kaa na mumeo, muandike mambo mawili tu: mwezi gani fedha hukatika nyumbani, na kiasi gani kingetosha kuuvuka. Kiasi hicho ndicho cha kuweka kando msimu huu, kabla ya redio na kabla ya harusi. Akiba haiozi.

Nakutakieni msimu mwema, na majamvi yasinyeshewe. Kwaherini.