Namba 2 na Namba 13: Mchezaji Anapogeuzwa Kuwa Taifa

Ndugu wanahabari, walimu na vijana wa mpira wa Likasi,

Nimeombwa nizungumzie jinsi vyombo vya habari vinavyowachora nyota wa mpira na taifa lao. Naanzia Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, tarehe 22 Juni 1974, kwa sababu mhusika mkuu alikuwa beki wa Mazembe yetu.

Ni Kombe la Dunia, na Zaire, yaani Kongo yetu ya wakati ule, inacheza na Brazili. Brazili wamepata mpira wa adhabu, ukuta umepangwa, refa anapuliza filimbi. Kabla Mbrazili yeyote hajaugusa mpira, Mwepu Ilunga anachomoka ukutani na kuubutua mbali. Kadi ya njano. Kipande hicho cha sekunde chache kimerushwa kwa miaka 50, kila Kombe la Dunia linapokaribia, kama kichekesho: Mwafrika asiyejua sheria.

Mwenye akili ya mpira angejiuliza swali moja tu. Hao walikuwa mabingwa wa Afrika, waliotwaa kombe Misri miezi mitatu kabla. Beki wa kiwango hicho hajui mpira wa adhabu? Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Wachezaji hawakuwa wamelipwa, na baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia, watu wa Rais Mobutu waliwaonya: mkifungwa manne na Brazili, msirudi nyumbani. Mechi iliisha 3-0. Maelezo yake hayakuwa yaleyale kila mara, nami siyachukui kama ushahidi wa mahakamani. Lakini kicheko kilitangulia, swali likaja baada ya miaka mingi.

Mechi ile ya Yugoslavia ina kisa ambacho watangazaji wetu hawakigusi sana. Mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga refa teke. Akatolewa Ndaye Mulamba, namba 13, mfungaji wa mabao 9 kule Misri, rekodi ya Kombe moja la Afrika ambayo haijavunjwa. Aliyepiga teke alikuwa Mwepu, namba 2. Namba zilikuwa mgongoni, kubwa, na bado refa hakutofautisha mtu na mtu. Aliona Wazaire tu. Kosa kama hilo likamrudia Ndaye mwaka 1998: wakati wa Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, habari zikaenea kwamba amefia mgodini Angola, na uwanja ukamsimamia kimya dakika nzima. Ndaye alikuwa hai, Afrika Kusini. Alifariki Januari 2019.

Tusiwacheke wageni peke yao. Desemba 2010 Mazembe waliifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambako Inter Milan waliwashinda 3-0. Picha iliyozunguka dunia ni ya kipa wao Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Mikono yake iliyookoa mipira, nani aliichambua? Na sisi huku, Kunguru, yaani Mazembe, wakishinda tunasema Katanga imeshinda. Chui, timu ya taifa, wakifungwa tunasema ni mambo ya Kinshasa. Nimeyasikia hayo vibarazani Kikula, nimeyasikia hata kwenye vipaza sauti vyetu.

Sasa linganisheni na Abidjan, tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa ulipopigwa, Chui waliziba midomo kwa kiganja cha mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakavielekeza kwenye panja kama bastola. Walikuwa wanasema juu ya mauaji ya Mashariki ya Kongo. Tazameni saa waliyoichagua. Bao linaweza lisije, na mahojiano yanaweza kukatwa, lakini wakati wa wimbo kamera hupita polepole, uso baada ya uso, na ni vigumu mkurugenzi wa matangazo kuigeuza kwingine. Walifungwa 1-0, lakini picha iliyosalia waliitengeneza wao wenyewe. Mwepu hakuipata nafasi hiyo.

Ombi langu kwa redio za hapa ni dogo. Wazee waliocheza mpira wa migodini bado wapo Panda na Shituru. Waendewe na kinasa sauti, waulizwe kwa Kiswahili chao, na kanda ihifadhiwe nzima, pamoja na pale wanapojipinga wenyewe. Gharama yake ni betri na nauli ya pikipiki.