Mfuko wa Wengi: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Shituru



Mmenialika kuzindua daftari la watoaji wa kila mwezi wa vyama vinavyosaidia wahitaji katika komini hii ya Shituru, mjini Likasi. Viongozi wa vyama wameniomba nijibu swali linalowanyima usingizi: fedha za serikali zikikatika, kazi itaendeleaje?

Shituru inalijua swali hili kuliko miji mingi. Watu wa kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, na baada ya 1967 za kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines, walizaliwa katika hospitali ya kampuni, wakasoma shule ya kampuni, wakala posho ya kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, nchi ikaingia katika misukosuko, na kufikia 1994 uzalishaji haukufika tani 50,000. Posho ikaisha, mishahara ikakatika. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kuwaita watu wa kambi hizo wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Mwaka 2025 tuliachwa tena, safari hii na baba wa mbali. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shughuli za USAID, shirika lake la misaada, zikakomeshwa. Mwaka uliotangulia, Marekani ilibeba zaidi ya nusu ya fedha za misaada ya kibinadamu zilizoingia Kongo. Na Haut-Katanga yetu ni kati ya majimbo ambako PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, uliweka nguvu nyingi. Vyama vilivyokula kwa mkono huo mmoja vimebaki mikono mitupu.

Wapendwa, kuna njia ya kuziba pengo ambayo tunaijua, na naomba tusiirudie. Miaka ya 1990 serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walianza kuwachangia. Shule hazikufa, na sifa hiyo ni ya wazazi. Lakini mchango uligeuka ada, na mtoto ambaye nyumbani kwao hakukuwa na kitu alirudishwa kutoka darasani. Ilibidi tungoje hadi 2019 serikali itangaze elimu ya msingi bila malipo. Kwa hiyo, chama kisimgeuze mhitaji kuwa mlipaji. Mgonjwa asidaiwe makuta mlangoni. Twende kwa jirani aliye mzima, tumwombe atoe kwa hiari.

Najua mtu atasema: Shituru haina matajiri. Wahenga walikwisha kumjibu: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwenye kilio tunachanga. Kwenye likelemba, mchezo wa kuchangiana kwa zamu, tunachanga, na zamu ya mtu ikifika anapata chake bila maandishi ya mwanasheria. Wakristo wa Kanisa la Kimbangu wana desturi ya nsinsani: wababa, wamama na vijana hushindana kutoa mbele ya watu wote, na hesabu hutangazwa palepale. Kwa nguvu za waumini wao walijenga hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981. Nchini Kenya, wakati wa ukame wa 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500, na wananchi, wengi wao kwa simu zao za mkononi, walilipita. Simu hizo tunazo. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimefika hadi vibandani mwetu.

Viongozi wa vyama, nawaomba mambo matatu.

La kwanza, ombeni kidogo na ombeni kila mwezi. Watu 500 wakitoa franka 2,000 kila mmoja, mna franka milioni moja kila mwezi. Watu kumi wakihama, kazi haisimami.

La pili, toeni hesabu. Makuta yaingie kwenye akaunti ya chama, si kwenye simu ya rais wa chama. Kila anayetoa apate risiti siku hiyohiyo. Kila mwisho wa mwezi bandikeni karatasi kanisani, msikitini na sokoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mtu hakimbii kutoa; anakimbia kutojua alichotoa kimekwenda wapi.

La tatu, mfuateni kila mwana wa Shituru alipo: Lubumbashi, Kolwezi, Kinshasa, Johannesburg, Brussels. Mwiteni kwa jina lake, mwambieni kazi iliyofanyika, mshukuruni. Wala msiuze machozi ya watoto wetu kwa picha ili mpate huruma. Heshima yao ni sehemu ya kazi yenu.

Nisiwadanganye. Franka zetu hazitanunua dawa za UKIMWI za jimbo zima. Huo ni wajibu wa serikali na wa mifuko mikubwa ya dunia. Franka zetu zitalipa nauli ya mgonjwa kwenda kuchukua dawa, chakula cha kumezea dawa hizo, na mtu wa kumtembelea asipoonekana. Bila hayo, dawa iliyoletwa inabaki kabatini. Wala mchango wetu usimpe mtu yeyote ruhusa ya kukwepa deni lake. Sheria ya madini ya 2018 inayapa maeneo kama yetu asilimia 15 ya mrabaha, na inayataka makampuni yatenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Tuendelee kuzidai fedha hizo. Na chama kinachoonyesha hesabu yake hadharani kinapata haki ya kuiuliza serikali na kampuni: zenu ziko wapi?

Mimi naandika jina langu leo, kwa mchango wa kila mwezi, si wa sherehe hii tu. Nawaomba Bwana Meya wa Likasi na Bwana Bourgmestre wa komini yetu waandike, kisha mama anayeuza unga na kijana anayeosha magari waandike katika ukurasa uleule, kwa wino uleule.

Kwa maneno hayo, natangaza rasmi kwamba daftari la watoaji wa Shituru limefunguliwa. Hesabu ya kwanza tuisome wote mwisho wa mwezi huu.