KIPORO KISITULETEE MARADHI

(Mazungumzo ya kamati yetu mbele ya wanachama wa ushirika, Katoro. Yamenakiliwa hapa ubaoni ili na wale ambao hawakufika wayasome.)



Leo tumepewa nafasi tuseme juu ya chakula kilichobaki, yaani kiporo. Pengine wapo watakaocheka, eti ushirika na kiporo wapi na wapi? Jamani, vinahusiana sana. Mtu anayeharisha siku tatu halimi, hapalilii, hafiki sokoni wala machimboni. Na mtoto mdogo akiharisha na kutapika, hapo hatuhesabu siku za kazi tena. Tunahesabu uhai wake.

Hatukuja kumgombeza mtu. Sisi ni wakulima, tunajua jasho lililomo ndani ya debe moja la mahindi. Kumwaga chakula kunauma. Ndiyo maana tunataka tuelewane chakula kinaharibikaje, ili tusimwage na tusiugue.

MOTO HAUTENGENEZI KILA KITU

Wengi wetu tunasema, "Kiporo si nitakichemsha asubuhi? Kuna ubaya gani?" Ubaya upo, na sababu zake ni hizi.

Kwenye mchele kuna vijidudu vinavyojifunga ndani ya ganda gumu, kama mbegu inayongoja mvua. Tunapopika wali, ganda hilo linavumilia maji ya kuchemka. Wali ukiachwa upoe polepole, vijidudu vinatoka, vinazaana na kuacha sumu. Asubuhi ukiupasha moto, vijidudu vitakufa lakini sumu itabaki. Mtu anakula, na baada ya saa 1 hadi 6 anatapika.

Vipo vingine vya jinsi hiyo vinavyopenda mchuzi wa nyama na maharage. Hivyo huleta msokoto wa tumbo na kuhara, mara nyingi baada ya saa 6 hadi 24. Na vipo vinavyotoka mikononi mwetu, puani na kwenye vidonda vya vidole. Sumu ya hivyo nayo haiogopi kuchemshwa.

Sasa tupige hesabu kidogo. Chakula kikiwa vuguvugu, kijidudu kimoja chaweza kugawanyika kuwa viwili kwa dakika 20 tu. Tuseme umeacha sufuria saa moja jioni. Kwa mwendo huo, ikifika saa nane usiku kile kimoja kimekwisha zidi milioni 2. Na wewe umelala fofofo! Chakula chenyewe huenda hakijabadilika harufu wala ladha. Kwa hiyo pua si kipimo cha kutegemea.

Shirika la Afya Duniani linashauri hivi: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Ama kibaki cha moto, zaidi ya nyuzi 60, ama kiwe baridi, chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo ndipo penye hatari.

WAZEE WETU WALIFANYAJE?

Tuangalie michembe na matobolwa. Viazi vinakatwa, vingine vinachemshwa kwanza, halafu vinaanikwa mpaka vikauke kabisa. Dagaa wa ziwani nao wanaanikwa juani. Kijidudu bila maji hakizaani. Maziwa tunayagandisha, na ule uchachu unavizuia vijidudu vingi vya maradhi. Wazee hawakuwa na friji, lakini walijua kwamba chakula cha kulaza kiwe kikavu au kichachu. Wali, maharage na mchuzi si vikavu wala si vichachu. Ugali nao una maji ndani yake, kwa hiyo tusidhani umesamehewa.

BASI TUFANYE HIVI

1. Tupike kwa kipimo. Mama anajua watu wake. Afadhali kikombe kimoja cha unga kibaki ndani ya debe kuliko kibaki kimeshapikwa.

2. Nyumba isiyo na friji isilaze wali, nyama, samaki wala maharage mabichi yaliyokwisha pikwa. Kama chakula kimezidi, jirani apelekewe usiku uleule kikiwa bado cha moto. Hilo ni jambo la ujirani, wala si aibu.

3. Anayechelewa kurudi awekewe chakula kikiwa cha moto. Chukua kapu kubwa, lizungushie ndani nguo nzito kuukuu au majani makavu, weka sufuria inayotoka kuchemka na mfuniko wake, funika juu kwa blanketi. Chakula kitakaa na moto wake kwa saa kadhaa. Lakini kapu si la kulazia chakula. Ukikikuta kimeshakuwa vuguvugu na hujui tangu saa ngapi, usimpe mtu.

4. Mama anayekwenda shamba na kumwacha mtoto, uji autie ndani ya chupa ya chai ukiwa unachemka. Chupa ioshwe vizuri na kusuuzwa kwanza kwa maji ya moto. Anayebaki na mtoto ammiminie kidogo kidogo, kile cha wakati ule tu. Uji uliobaki kikombeni usirudishwe kwenye chupa.

5. Wenye friji nao wasikilize. Friji haiui vijidudu, inavifanya vilale tu. Usiingize sufuria nzima ya moto, kwani katikati yake patakaa vuguvugu kwa saa nyingi. Gawa chakula kwenye vyombo vidogo na bapa, viweke ndani ya karai la maji baridi, koroga, badilisha maji. Mvuke ukiisha, funika, ingiza frijini kabla saa 2 hazijapita. Wali uliwe kesho yake, mchuzi usipite siku 3. Umeme ukikatika usifungue mlango ovyo. Ukikatika zaidi ya saa 4, chakula kilichopikwa usikiamini.

6. Kupasha moto ni mara moja tu, na kichemke mpaka katikati, si pembeni peke yake.

7. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kupakua. Mwenye kidonda kidoleni akifunge vizuri au ampishe mwenzake.

KWENYE HARUSI NA MISIBA

Hapa ndipo penye sufuria kubwa, na sufuria kubwa ndiyo inayochelewa kupoa. Likitokea kosa, haugui mtu mmoja, inaugua mitaa mizima. Tunapendekeza nyama na wali visipikwe usiku wa kuamkia. Vipikwe siku ileile, kwa awamu, watu wapakuliwe kutoka motoni. Na kila kamati ya shughuli imteue mtu mmoja wa kuangalia saa.

MTOTO AKISHAPATWA

Tusingoje. Apewe maji ya ORS kidogo kidogo, na kunyonya kuendelee. Kama pakiti hakuna, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo. Macho yakizama, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, apelekwe zahanati wakati huohuo, hata kama ni usiku.

Wazee mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi karibu na redio, wakasikiliza, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kusikiliza. Nasi tunaomba kila nyumba ianze na jambo moja kesho jioni: kabla ya kulala, mtu ainue mfuniko wa sufuria na kuuliza, hiki kilichomo ni cha moto, ni cha baridi, au ni vuguvugu?

Wenye maswali watuone siku ya mkutano.