Anwani za Kudumu Katika Kadi ya Waifai: Mada kwa Watunza Kompyuta wa Kigoma-Ujiji

Itifaki ni kanuni zinazoziwezesha kompyuta kuelewana, na TCP/IP ndiyo inayotumika karibu kila mahali. Ili kadi ya waifai ifanye kazi, inahitaji anwani ya IP, mipaka ya mtandao, anwani ya rauta na ya seva ya DNS. Washiriki wanayajua hayo.

Kinachowachosha mafundi ni anwani iliyoandikwa kwa mkono. Tuseme kompyuta mpakato ya mhasibu wa ofisi moja ya Mwanga ndiyo iliyounganishwa na printa ya wote. Ili wenzake waifikie, kadi yake inaandikiwa 192.168.1.20. Jioni mhasibu yuko nyumbani Ujiji, anawasha hotispoti ya simu. Simu nyingi za Android za zamani hugawa anwani za 192.168.43, na iPhone hugawa za 172.20.10. Kompyuta inaonyesha imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Lawama zinaanzia kwenye bando, zinahamia kwenye mnara, na mwishowe mashine inafutwa na kuwekwa Windows upya. Mafaili ya mwaka mzima yanapotea kwa kosa linalorekebishika kwa dakika mbili! Jambo hili linaumiza, na limeendelea mno.

Umeme nao huongeza tatizo. Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli, na kukatika kwa umeme si jambo geni. Rauta nyingi za bei nafuu zikizimika husahau zimempa nani anwani ipi. Umeme ukirudi, simu ya mgeni inaweza kupewa ile .20, na mashine mbili zikaigombea.

Mada hii haimlaumu mtu wala ofisi yoyote. Bajeti ni finyu na fundi mmoja huhudumia idara nyingi. Lakini DHCP, ambayo kanuni zake za sasa ni za mwaka 1997, ilibuniwa kuondoa adha hiyo hiyo: rauta humwazima kila mtumiaji anwani kwa muda.

Inapendekezwa, basi, kadi za kompyuta zinazobebwa ziachwe zipokee anwani zenyewe. Printa au kompyuta inayohitaji anwani isiyobadilika itengewe ndani ya rauta kwa namba yake ya MAC, na kipengele cha Windows cha kubadilisha namba hiyo kizimwe kwa mtandao wa ofisi. Anwani zote zilizotengwa ziandikwe kwenye daftari linalobaki ofisini hata fundi akihamishwa. Rauta iwekewe betri ya akiba. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3. WEP iachwe kabisa. Kabla ya kufuta mashine, fundi aandike amri ya ipconfig: akiona 169.254, kadi haikupata anwani kutoka kwa rauta. Akiona anwani isiyolingana na ya rauta, kuna mkono wa mtu. Na tena, kwa msisitizo: anwani isiandikwe ndani ya kadi ya kompyuta inayosafiri.

Wakuu wa idara wanaombwa kuidhinisha daftari hilo na betri hiyo katika bajeti ijayo.