Matembezi ya Familia: Amboni au Msimbati?



Ndugu wazazi na walezi, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), tunalo jambo la kupanga pamoja nanyi: matembezi ya familia za wanafunzi wetu katika likizo ijayo.

Wengi mmependekeza Mapango ya Amboni. Hatuwalaumu. Mapango hayo ya mawe ya chokaa, kiasi cha kilomita 8 kutoka mjini Tanga, ni katika maajabu ya nchi yetu. Lakini kutoka Mtwara ni mwendo wa takriban kilomita 900, kwa njia ya Dar es Salaam. Tunajua itakavyokuwa: baba atakwenda na mtoto mmoja wa kiume, na mama na mabinti watabaki nyumbani wakingoja kuhadithiwa. Humo mapangoni pia wapo wanaopeleka matambiko. Mtoto akiyaona atauliza, na mzazi awe na jibu. Hilo si la kutuzuia, kwani pango ni kiumbe cha Mola wetu na halina kosa. Kinachotuzuia ni nauli.

Basi rai yetu ni Msimbati, takriban kilomita 45 tu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 2000, nayo ina kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu, pamoja na misitu ya mikoko. Watoto wetu wanaujua mkoko ukiwa boriti au kuni. Hawajauona ukiwa hai, mizizi yake ikishika tope lisichukuliwe na maji, na vijisamaki na kamba wadogo wakijificha humo hadi wakue.

(Masafa hayo, kwa kipimo cha wanazuoni walio wengi, hayafikii ya kupunguza swala. Tutaswali Adhuhuri rakaa nne kamili.)

Siku ya kwenda tuichague kwa mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na pwani yetu wakati huo maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Tarehe 13, 14 na 15 wengine hufunga Ayyaamul-biidh. Kwa hiyo tarehe 16 au 17 ndiyo inayotufaa. Watoto wataingia ufukweni asubuhi, maji yakiwa mbali, na ifikapo saa saba wote wawe wametoka. Bahari ikirudi hairudi polepole kama wanavyodhani watu wa bara, na mtoto aliye kwenye fungu la mchanga huzungukwa kwa nyuma.

Mlangoni mwa Ruvuma hatutafika. Kuna mamba na viboko, na mkondo wake ni mkali hata kwa mvuvi mzoefu.

Kabla ya safari, wawili miongoni mwetu watakwenda ofisi ya hifadhi kuuliza viingilio vya watu wazima na vya watoto, kisha watabisha hodi kwa serikali ya kijiji. Nauli itagawanywa kwa familia, si kwa kichwa, ili mwenye watoto sita asilazimike kuchagua. Mama anayelea peke yake naye aandikishe jina. Sehemu yake itatoka katika mfuko wa madrasa. Majina yaletwe kwa mwalimu wa zamu baada ya swala ya Alasiri, na mabinti waandikwe kwanza.